Watu Mia Nne na Kumi na Wawili

Kimali, Meatu
4 Juni 2024

Mwanangu Klementina,

Kwa miaka ishirini na saba nimeficha jambo kuhusu namba 412, na kwa kuwa daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, nimeona nisiende nalo.

Sasa mwangaluka. Samahani kwa kuanza na maungamo kabla ya salamu. Nikianza na salamu zetu za Kisukuma, nikauliza watoto, ng'ombe, mvua na majirani, wino utaisha kabla sijaifikia dhambi yenyewe. Na usinipigie simu. Masikio yangu yalistaafu zamani. Simu ya Martha, anayenitunza hapa, naishika sikioni kama redio isiyo na betri. Wewe andika, mpe kondakta wa basi, naye Martha atakwenda kuichukua barua stendi ya Mwanhuzi. Ndivyo barua yako ya mwezi uliopita ilivyonifikia, inanukia dagaa kidogo lakini inasomeka.

Umenieleza kwamba ninyi ni kamati ya watu saba, wewe ukiwa katibu, na kwamba kuna timu ya Ligi ya Championship imechoka kuhamahama na inataka kuifanya Bariadi iwe nyumbani. Viongozi wake wanauliza jambo moja tu: mji huu una watu wa kuibeba timu ya kulipwa msimu hadi msimu, au utashangilia wiki mbili kisha urudi kwenye pamba? Na Bwana Maduhu, mjumbe mwenzako, amefukua ripoti yangu ya mwaka 1997 akaisoma kikaoni: "Mchezo wa majaribio, Nungunungu ya Bariadi dhidi ya Shinyanga. Watazamaji 412. Mji huu hauwezi kubeba timu." Chini yake: Mahona, Afisa Utamaduni na Michezo wa Wilaya.

Sahihi ni yangu. Lakini hao 412 ni wa kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza watu walijaa hadi chaki ya pembeni haikuonekana, na mshika kibendera akawa anakimbia juu ya vidole vya watu. Hatukuwa na tiketi wala uzio. Nilihesabu baiskeli, kama tulivyofanya siku zote. Zilizoegeshwa kwenye ukuta wa ghala la pamba zilikuwa elfu moja na mia tisa na ushee, na baiskeli ya Dutwa haiji mjini na mtu mmoja. Watu elfu tano, mwanangu, na hayo ni makadirio ya mtu mwoga.

Wakati wa mapumziko ngoma ikalia ng'ambo ya barabara, wakaenda, hawakurudi. Mkoa uliniuliza idadi ya mwisho wa mchezo. Nikawapa idadi ya mwisho wa mchezo, nikanyamaza kuhusu mwanzo.

Isome barua hii mbele ya Maduhu. Mwambie mzee amesema elfu tano.

Baba yako mkubwa,
Mahona

*

Somanda, Bariadi
13 Juni 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Pole na miguu, Martha amenieleza. Mama anakutumia viazi vikavu vya kuchemsha, matobolwa, ndani ya mfuko wa bluu. Kondakta akikupa mfuko mweusi ujue ameshakula.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika "elfu tano", Nancy anayeandika muhtasari wetu aliacha kalamu akapiga makofi, na wajumbe wengine wakafuata. Bwana Maduhu alisubiri makofi yaishe. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema kwa upole kabisa:

"Wabeja sana, asante, kwa barua ya mzee. Jana nilidhani mji huu hauna watu wa mpira. Leo nimejua unao, elfu tano, na ngoma ikilia wanaondoka wote. Sasa timu ya kulipwa tutaiambia nini? Msije Julai, msimu wa ngoma?"

Baba Mkubwa, ulitutoa kwenye tope ukatutia kisimani. Na Maduhu hana roho mbaya, ndiyo shida yake. Anauliza swali ambalo sote tunaliogopa. Mji wetu umekua, hospitali ipo, bodaboda hazihesabiki, lakini ukubwa wa mji hauketi uwanjani jua la saa tisa.

Tumekubaliana hivi. Tarehe 13 Julai tutacheza mchezo wa majaribio, Kombaini ya Bariadi na Kombaini ya Maswa. Tarehe 27 kamati inapiga kura, na timu ile imesema tukikataa inakwenda kwingine na hairudi.

Baba naye amenichanganya. Nilimpelekea nakala ya barua yako huko Dutwa. Unajua yeye kama kocha wa Nungunungu ana maelezo yake: watu waliondoka kwa sababu dakika ya arobaini alimtoa mshambuliaji wake Sylvester. Sababu ya ngoma haitaki kabisa. Mama anasema hata siku ya harusi yangu alimkamata padre akamweleza habari za Sylvester hadi wali ukapoa.

Wajumbe wameniagiza nikuulize moja. Ngoma ile ilikuwaje siku ileile, saa ileile, ng'ambo ya barabara? Ilitokea tu?

Mwanao,
Klementina

*

Kimali
20 Juni 2024

Mwanangu,

Mfuko ulikuwa wa bluu. Wabeja. Nimetafuna kwa upande wa kushoto, ambako bado nina wafanyakazi wawili.

Kuhusu swali la wajumbe: Julai watu wameshavuna, kila njia panda ina ngoma. Tuliache hapo.

Nikusaidie kwenye kitu ambacho nimekifikiria kitandani hapa, maana kitanda kina muda mwingi. Wewe umezaliwa mjini, ngoma za mashindano umeziona kwa mbali. Vyama vya wachezaji ni viwili: Bagika wanacheza huku, Bagalu wanacheza kule, saa ileile, na hakuna jaji. Kila manju, kiongozi wa ngoma, anatunga, anatukana upande wa pili kwa mashairi, anacheza na jembe, na chatu, na chochote kitakachowafanya watu wageuze shingo. Jioni inapofika, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Basi. Msukuma anayetazama ngoma anajua miguu yake ni kura. Akihama, amemwangusha mtu. Akibaki, amemshika.

Halafu sisi wasomi tukamletea mpira. Tukamwambia kaa hapa, tulia, kuna watu ishirini na wawili wataamua. Yeye akae afanye nini? Tulimpa burudani tukamnyang'anya kazi.

Kwa hiyo usikimbie Julai. Fanya hivi. Waweke watu wa Bariadi mashariki ya uwanja na watu wa Maswa magharibi. Tangaza wiki nzima, kwa spika, hadi Dutwa: siku hiyo mashindano ni mawili, ya wachezaji kwa mabao na ya watazamaji kwa vichwa, na vichwa vitahesabiwa mara mbili, mwanzo wa mchezo na dakika ya themanini. Upande utakaopungua umeshindwa, hata timu yake ifunge mabao sita. Uone kama Mbariadi atampa Mmaswa furaha hiyo.

Ukitaka kuhesabu, hesabu pikipiki. Zidisha kwa mbili na nusu.

Martha ananiita nile. Hapa nyumbani wanaita uji kula.

Mahona

*

Dutwa
2 Julai 2024

Kwako Mwalimu Mahona, mtu uliyehesabu waliobaki ukasahau waliokuja,

Mwangaluka, mzee uliyekataa kufa. Nimesikia umelala huko Kimali unatoa mawaidha ya mpira, wewe ambaye mwaka 1995 uliniuliza kwa nini kipa anaruhusiwa kudaka. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu Kabula akaja na maji.

Nimesoma barua yako ya elfu tano. Nashukuru. Miaka yote hii nilidhani hawakuja, kumbe macho yangu yalikuwa mazima. Ila kwenye sababu umenihurumia, na mimi sitaki huruma. Ngoma zilikuwepo kila Jumamosi na watu hawakuwahi kutuacha. Siku ile nilimtoa Sylvester dakika ya arobaini. Alikuwa anachechemea, mimi nimeona, yeye mpaka leo anabisha. Watu wakazomea, "Kocha mwehu! Kocha mwehu!" na dakika tano baadaye filimbi ikalia wakaondoka. Niliwatazama migongo yao. Hutasahau migongo ya watu elfu tano.

Sylvester sasa anauza vipuri vya baiskeli hapa Dutwa, duka lake linatazamana na kibanda changu cha ufundi. Mungu ana utani. Kila asubuhi ananisalimia: "Kocha, leo unanitoa dakika ya ngapi?" Namjibu, "Leo sikuingizi." Ndiyo maisha yetu.

Sasa sikiliza, kaka. Klementina ameniambia kura inaning'inia kwenye swali la kwa nini watu waliondoka. Kama ni tabia ya mji, timu haiji. Basi nimeamua. Tarehe 27 nitavaa koti, nitakwenda mbele ya kamati, nitasema kosa lilikuwa langu: niliwaudhi watu, mji hauna lawama. Ripoti ya mkoa nayo ilisema mpira wangu ulikuwa baridi, kwa hiyo halitakuwa jambo geni. Sijafundisha timu tangu siku ile na nina miaka sabini na moja, watanifukuza kazi gani?

Nakuandikia hili kwa sababu moja tu. Ripoti ile ilipotoka, watu wote walinilaumu isipokuwa wewe. Ulikuja nyumbani, ukakaa, ukanywa chai, hukusema neno. Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru sasa, kabla hujatupa shughuli ya kuchimba.

Mdogo wako,
Bujiku

*

Somanda, Bariadi
15 Julai 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sauti sina, kwa hiyo ni vizuri wewe unataka barua!

Tulifanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Wiki nzima gari la matangazo lilipita likisema Maswa wanakuja na mabasi kumi na mawili kuja kutuonyesha kwamba sisi ni wachache nyumbani kwetu. Mabasi yalikuwa manne, lakini mtangazaji alisema kumi na mawili yananoga zaidi. Kufika saa nane mashariki ya uwanja hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu wa Dutwa walikuja na baiskeli zao, wakakataa kuziegesha nje, eti nazo zihesabiwe.

Nancy na wenzake wanne walihesabu. Mwanzo wa mchezo: Bariadi 6,340, Maswa 1,115. Namba zikatangazwa kwa spika na Maswa wakaanza kuimba kwamba wachache wao wana akili nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa kitandani kwako kuna nini.

Mapumziko, ngoma ikalia. Kweli kabisa, upande wa mtoni, na ngoma nzuri. Niliona watu wa safu za nyuma wanainuka, wanavuta shingo. Nikamwona Bwana Maduhu ananitazama kutoka ng'ambo. Mama alikuwa safu ya tano. Akasimama juu ya kiti cha plastiki, unamjua mama, akapiga kelele:

"Ninyi mnaokwenda! Mkitoka hapo mnawapa Maswa! Nitawajua kwa nyuma!"

Kijana mmoja akajibu, "Mama, naenda kukojoa!"

"Kojoa haraka, acha kofia yako hapa!"

Uwanja ulicheka, na Baba Mkubwa, waliacha kofia. Nakuapia. Watu walitoka wakaacha kofia, khanga, hata fimbo, ili Maswa wajue wanarudi. Dakika ya themanini: Bariadi 6,402. Tuliongezeka! Mpira tulifungwa mbili kwa moja na hakuna aliyejali. Maswa walibaki 1,108, na wale saba walioondoka wametafutwa hadi leo.

Na unajua Maduhu alikaa upande gani? Magharibi. Kumbe alizaliwa Maswa, amekaa Bariadi miaka arobaini bila kutuambia. Alishangilia hadi kifungo cha shati kikaruka.

Lakini jana kikaoni alirudi kuwa Maduhu. "Mmejaza mara moja," alisema. "Mzee anasema hata 1997 walijaza mara moja. Oneni, nyaraka zote zina swali lilelile: kwa nini waliondoka? Nikipata jibu nitapiga kura ya ndiyo kwa mikono miwili. Nisipopata, siwezi kuitia timu ya watu kwenye shimo." Kura zetu ni tatu kwa tatu. Yeye ndiye wa saba.

Baba ameshapeleka koti kwa dobi. Atasema ni yeye. Nimemwomba asiseme, ananiambia, "Mwanangu, mji ni mkubwa kuliko kocha." Sijui nifanye nini. Wewe ulikuwepo, ulikuwa ofisa wa siku ile. Kama kuna kitu unakijua, niandikie. Kama hakuna, niambie hakuna, nimwache aende.

Mwanao,
Klementina

*

Kimali
22 Julai 2024

Klementina mwanangu, na Bujiku mdogo wangu,

Hii naiandika mwenyewe, mwandiko mtanisamehe. Martha alijitolea kuniandikia, lakini Martha ni mwalimu wa kwaya, na yatakayofuata hayafai kwa mwalimu wa kwaya.

Kwanza, Kabula apewe heshima yake. Nilicheka kofia zile hadi nikakohoa na Martha akataka kuita gari.

Bujiku, rudisha koti kabatini. Ulikuwa sahihi kumtoa Sylvester. Alikuwa anachechemea, hata mimi nisiyejua mpira niliona. Watu hawakuondoka kwa sababu yako, na chai ile niliyoinywa kwako kimya miaka ishirini na saba iliyopita haikuwa huruma. Nilikuwa nimekuja kukwambia, nikashindwa, nikaomba sukari.

Sasa kamati iandike, nami natia sahihi.

Wote mnanijua mimi ni mzee wa kanisa. Nimehubiri mara nyingi kwamba ngoma za mashindano na dawa zake ni giza. Asilolijua mtu yeyote, hata marehemu mke wangu hakujua yote, ni kwamba mimi ni Mgalu. Baba yetu alikuwa manju wa Bagalu, hilo Bujiku unalijua; usilolijua ni kwamba aliniingiza nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla ya chuo cha ualimu. Nilipopata ofisi nikaacha kuonekana, sikuacha kuwa.

Mwaka 1997 Bagika walikuwa wametushinda mara tatu mfululizo. Wazee wetu walikuwa hawali vizuri. Wakati huohuo barua ya mkoa ikaja mezani kwangu: andaa mchezo wa majaribio, chagua siku na uwanja. Na kibali cha ngoma nacho kinatoka meza hiyohiyo, maana nilikuwa ofisa wa michezo na ofisa wa utamaduni, mtu mmoja, muhuri mmoja. Niliweka mpira Jumamosi ya tarehe 19 Julai. Bagalu nikawapa kibali cha siku hiyo, ng'ambo ya barabara, waanze kuipiga ngoma mara filimbi ya mapumziko itakapolia. Bagika nikawapeleka ng'ambo ya mto. Nilisaini vibali vyote asubuhi moja kwa kalamu moja.

Niliwaazima watu wako, Bujiku. Robo saa tu, nilijiambia, wahesabiwe upande wetu, kisha wataurudia mpira wao. Sikujua kwamba watu wakishakuwa kura hawarudi.

Kwa hiyo Maduhu apewe jibu lake. Mji haukuiacha timu. Watu walikuja elfu tano bila gari la matangazo, kwa baiskeli, wakaipenda timu yao hadi wakamzomea kocha kwa kumtoa mshambuliaji, na mtu aliyelipwa mshahara kuilinda timu hiyo ndiye aliyewatega. Ofisa kama huyo msimpe tena meza mbili. Timu ichukueni. Mji unaweza.

Limebaki dogo, na ndilo lililonizuia usingizi kuliko yote. Namba yenyewe. Mnaisoma 412 kama namba iliyohesabiwa. Jumatatu yake nilimuuliza mwamuzi walibaki wangapi, akasema mia nne hivi. Nikaongeza kumi na wawili ili ionekane imehesabiwa. Sikuhesabu mtu hata mmoja wa kipindi cha pili, wala sikukiona. Dakika ile mpira unaanza tena, Bujiku, nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimejipaka unga usoni mchungaji asinitambue, nimelala chali katikati ya duara, jembe la mpini mrefu limesimama juu ya meno yangu, na watu wako elfu tano walikuwa wananishangilia mimi.

Mahona